Amri ya Tanuri Ilivyoanguka

Mimi na wifi yangu tulikuwa tunaoka mikate kwetu Butembo, nyuma ya nyumba, katika tanuri ya udongo. Asubuhi moja akafika afisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka province nyingine. Akaitazama tanuri, akasema kwa upole, "Mama, hii muzime. Sasa mukate unapikwa na umeme tu."

"Umeme gani, chef? Kwetu haiko."

"Lakini ni amri. Hapana mimi niliitunga."

Hivyo ndivyo tulivyopata habari. Hakuna aliyetuuliza kitu, hata redio haikuwa imesema. Jirani yetu mwalimu ndiye aliyetueleza: wabunge wa province walipitisha sheria ya usafi wa chakula, kisha wakaiachia bureau moja ipange yaliyobaki. Bureau ikapanga hata mambo ya tanuri, bila kujadiliana na mtu.

Tukazima tanuri, na unga ukaanza kuvunda kwenye magunia. Wifi yangu aliendelea kuamka mapema kwa mazoea, anakaa jikoni, mikono mapajani. Kumwona vile kulinitia hasira. Tuliposikia kwamba mbunge wetu anakutana na watu Beni, katika salle, ukumbi wa parokia, waokaji wa mtaa wetu tulipanda gari pamoja.

Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisimama. "Honorable, uliinua mukono juu ya usafi. Juu ya tanuri uliinua pia?"

Akaomba karatasi ya amri tuliyokuja nayo, akaisoma yote, akavua miwani. "Mama, hii naiona leo mara ya kwanza."

Salle nzima ikanguruma. Wifi yangu akasimama. "Donc nani aliipigia kura?"

"Hakuna," akajibu. "Tulibapatia watu ba bureau ruhusa ya kupanga usafi, hapana ya kuzima mioto ya batu. Na hatukurudia kuangalia. Kosa ni yetu."

Aliporudi bungeni, aliita ile bureau ijieleze mbele ya wenzake. Walipoulizwa sheria inataja umeme wapi, walipekua kurasa zote, neno hilo halikuwamo. Amri ikafutwa. Wabunge wakakata shauri pia kwamba kanuni za namna hiyo zitapita kwao kwanza, ndipo zianze kazi.

Redio ilitangaza habari hiyo tukiwa sokoni. Wamama walipiga vigelegele mpaka wauza vitambaa wakatoka madukani kuangalia. Tukarudi nyumbani tukiimba katikati ya barabara, pikipiki zikitusubiri tupite, na wifi yangu akitangulia kwa kucheza, yeye ambaye hata kwenye harusi yake hakucheza.