Barua Moja ya Watu Wote

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Chumba cha Taipu katika ofisi ya ushirika hapa Mwanza alinionyesha mashine, utepe wa wino na karatasi ya kaboni ya kutolea nakala. Kisha akasema, "Binti, mpiga taipu mzuri haonekani. Mtu akisoma barua akakukumbuka wewe, umekosea." Nilikuwa mtiifu. Nilijifunza kutoonekana, na kwa miaka mingi nilisifiwa kwa hilo.

Miaka ya tisini ushirika uliyumba, nikapunguzwa kazini. Nikaweka meza na taipureta kuukuu barazani kwangu Igogo. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria, viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa ufukweni, na kila mtu alitaka barua ya kuomba kazi. Nilikuwa na kielelezo, yaani barua ya mfano niliyotoka nayo ofisini: mwombaji ni mwaminifu, mchapakazi, na wakati wa mapumziko hucheza mpira. Nilibadilisha jina tu.

Asubuhi moja akaja Afisa Utumishi wa kiwanda kimojawapo, yule anayeajiri, na bunda la bahasha mkononi.

"Shikamoo, mama. Ni wewe unayewaandikia hawa?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Basi humu nina mtu mmoja tu, ila ameomba kazi mara nyingi sana. Hata huyu Nyamizi wa Kamanga, aliyekuja na mtoto mgongoni, naye anacheza mpira?"

Foleni nzima ya wateja wangu ilicheka. Nami nikacheka, ingawa masikio yaliniwaka moto.

"Ijumaa namtafuta mkaguzi wa samaki," alisema. "Niletee barua ya mtu nitakayemtambua akiingia mlangoni."

Kesho yake Nyamizi alivuka tena ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga, akaja kwangu mara ya tatu. Zamani alikaanga samaki. Tangu magari ya viwanda yaanze kuzoa sangara wote mwaloni, pale mitumbwi inapoteremsha mzigo, karai lake lilikaa kavu. Kazi hii ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Unajua kufanya nini?" nilimwuliza.

"Wewe andika kama ya wengine, Mama Kulwa. Mimi mtu wa kawaida."

"Mwaloni wanakulalamikia nini?"

"Wanasema mimi mgomvi. Nikifunua shavu nikaona samaki amechina, ameanza kuharibika, sinyamazi. Hata akiwa wa shemeji yangu."

"Niandike hilo?"

"Watanifukuza kabla sijaajiriwa." Akampapasa mtoto mgongoni, akafikiri. "Haya, andika. Si ndiye mimi."

Ijumaa nilimsindikiza kiwandani, akapewa sangara watatu awakague. Aliwakataa wawili, akamgombeza hata mnunuzi wa kiwanda aliyewaleta. Akaajiriwa papo hapo.

Afisa Utumishi akanigeukia. "Na ya kwako iko wapi, mama? Nahitaji karani wa ajira."

Nilirudi mezani kwangu barazani, nikaingiza karatasi. Vidole vilivyozoea kukimbia vikasimama. Nyamizi, aliyekuwa akisubiri kivuko, akavuta kiti.

"Wewe wanakulalamikia nini?"

"Kuuliza sana. Tangu utoto."

"Basi andika. Unanitazama nini?"

Nikaandika. Kwa kuuliza huko niliajiriwa, na kwa kuuliza huko nilifanya kazi mpaka nikastaafu.

Wapo wanaosema nafsi ya kweli imo ndani ya mtu tangu mwanzo, kama mbegu ikingoja mvua. Wengine husema mtu hujijenga kwa yale anayochagua kufanya. Mimi sioni sababu ya kuwagombanisha. Ukali wa Nyamizi ulikuwepo siku zote, ila uligeuka kazi siku alipokubali uandikwe. Nawe kijana, usipojijua bado, usiogope. Pengine hujapata tu mtu wa kukuuliza na kusubiri jibu. Na Msimamizi wangu simlaumu. Spidi ya vidole alinipa yeye.

Siku ya kuniaga kiwandani, Afisa Utumishi, sasa mwenye mvi, alisimama kusoma hotuba. Alisema mimi ni mwaminifu na mchapakazi. Alipofika kwenye mpira, tukasikia masufuria yakigongana jikoni na sauti ya Nyamizi juu yake:

"Huyu samaki mmemtoa wapi? Mnamuagaje Mama Kulwa kwa samaki huyu?"

Afisa akakunja karatasi yake. "Hotuba imeisha," alisema. "Twendeni tukamsaidie mpishi."