Wino wa Marehemu

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi ya serikali Kwale, alikofanya kazi karani mmoja tangu mimi sijazaliwa. Amefariki majuzi, Mungu amrehemu, lakini tangazo aliloliandika kwa mkono wake bado liko ukutani: "Fomu ya wino wa buluu haipokelewi."

Mbele yangu alisimama binti yake. Mama yake yuko eda, kwa hiyo binti ndiye aliyekuja kuandikisha kifo. Bila cheti, shamba la Msambweni haliwezi kuandikwa kwa jina la mama. Fomu aliijaza marehemu mwenyewe alipozidiwa, akaacha wazi nafasi ya tarehe tu.

Karani kijana aliisoma kwa kidole, kisha akairudisha.

"Dada, hii ni ya buluu."

"Basi mngojeeni baba aje aijaze upya."

Mzee mmoja wa Kinango alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi alinirudisha mara tatu kwa wino huo huo. Leo karudishwa yeye."

"Wino mweusi ni wa serikali," binti alijibu taratibu. "Hakuleta nyumbani hata tone."

Karani akafungua kidau cha wino mweusi, akapita juu ya kila herufi ya mkubwa wake. Alichukua saa nzima, na hakuna aliyenung'unika.

Kumbe mtu aliyetusumbua miaka yote alijisumbua na yeye mwenyewe. Jambo hilo limenipunguzia hasira, ingawa si yote. Nilitazama fomu yangu, nikaona ni ya buluu, nikarudi nyumbani.