Mgeni wa Bima Niliyemsindikiza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvaa kanzu ya Idi. La pili lilikuwa kuficha mikongojo nyuma ya mlango wa chumbani, eti inaharibu sura ya sebule. Mke wangu alinisihi nibaki kitandani, mgeni anikute hukohuko. Nikamwambia mimi si maiti, mgeni hapokelewi na mtu aliyelala. Nina elimu ya sekondari na sauti ya kutosha, basi nikaushinda ubishi ule, na sijawahi kushinda kitu kikanigharimu kiasi kile.

Mgeni mwenyewe alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima. Miezi kadhaa nyuma gari la watu lilinigonga mtaa wa Nateete nikiwa nimesimama kando ya barabara, na bima ya gari hilo ndiyo iliyopaswa kunitibu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Vita vyote vya nchi yetu vilinikuta ndani ya nyumba yangu, mtaa wa Kasubi, vikaniacha humohumo; gari likanipata siku niliyotoka kwenda kutafuta vifungo vya nguo, kwa sababu vya kwetu niliviona vya kishamba. Mfupa wa paja la kulia uliunga vibaya. Daktari alisema lazima uvunjwe tena, unyooshwe, utiwe chuma. Bila hivyo mguu hautakanyaga cherehani, na mimi ni fundi wa nguo, sina kazi nyingine.

Wakati huo tulikuwa tunashona watu wawili kwa mashine moja. Mke wangu anakaa pembeni anakanyaga, mimi naongoza kitambaa. Mtoto akilia yeye anasimama, mimi nabaki na sindano katikati ya zipu. Wateja walikuwa wakizipokea suruali zao na kuzitazama kwa huruma, kama wanavyotazama mguu wangu.

Mkaguzi akaja. Kabla hajaingia nilijivuta kwa kushika ukuta, nikakaa kwenye kiti kama chifu. Akauliza habari za mguu. Nikajibu afadhali, tunamshukuru Mungu. Ungejibu nini wewe? Mtu hajakaa vizuri unaanza kumpakulia maumivu? Akanywa chai, akamaliza sahani ya njugu, akasifu mapazia. Alipoaga nikafanya alivyonifundisha marehemu mama yangu: nikamsindikiza. Kwetu mgeni akitoka peke yake ni kama umemfukuza. Nikatembea naye bila mikongojo hadi barabarani, nazungumzia mvua, meno nimeyauma. Penye mtaro akanishika bega nisianguke. Alipopotea kwenye kona nikakaa chini, vumbini, na kanzu yangu nyeupe. Jirani yetu, mama Mkongo anayeuza vitenge, alisaidiana na mke wangu kunibeba ndani, huku akiuliza kama yule bwana amekuja kuoa kwetu.

Majibu yakatoka: operesheni hailipwi. Nikaenda mjini kuuliza kwa nini. Ofisi ya kuwalipa waliovunjika miguu wameiweka ghorofa ya juu kabisa, na lifti imekufa. Nimeandika hilo kwa utulivu, lakini siku ile sikuwa nao. Benchi lilijaa watu waliofungwa plasta, wanahema kwa sababu ya ngazi, na hakuna aliyelalamika. Tulikuwa na nidhamu kama watoto wa shule. Binti wa mapokezi akafungua faili langu akanisomea bila kuinua macho. Mdai anasema mwenyewe kwamba ana nafuu. Alimsindikiza mkaguzi hadi barabarani bila msaada wowote.

Bila msaada wowote. Damu ikanipanda hadi masikioni. Watu hawa wamekula njugu zangu, wamechukua adabu ya mama yangu, wakaipiga chapa wakaifanya ushahidi dhidi yangu. Nikasema siondoki mpaka nimwone mkaguzi. Akatoka anatabasamu, akaniuliza mama watoto hajambo, nami, kwa ujinga wangu, nikajibu hajambo.

Kisha nikamwambia, "Pale kwenye mtaro ulinishika bega. Umesahau?"

"Mzee, mimi naandika tu kile naona. Niliona mtu anatembea."

"Na jasho hukuliona?"

"Fomu haina mahali pa jasho, mzee."

Alisema hivyo kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Laiti angenitukana.

Mkubwa wake akaniita ndani. Alikuwa na kiti kinachozunguka, na wakati wote alikizungusha kidogo kidogo, kushoto, kulia. Akasema kampuni ina huruma. Ingawa hainidai wala haidaiwi, itanipa kitu kidogo nikitia sahihi kwamba sitarudi tena. Hicho kitu kidogo kingenunua dawa za kutuliza maumivu. Operesheni kisingeigusa. Nikaisukuma karatasi, nikamwambia ampe mkaguzi wake akanunue njugu. Nikatoka na kichwa juu, nikashuka ngazi kwa makalio.

Nyumbani niliwakuta mke wangu na jirani, aliyekuja kuchukua blauzi ambayo haikuwa tayari. Nikawahadithia yote, na mengine ambayo sikuyasema nikayaongeza, hasa matusi. Nikasimama kabisa kuonyesha nilivyoisukuma ile karatasi. Mke wangu hakucheka. Akauliza kama wakili angeweza kusaidia. Nikamwambia wakili anataka kulipwa kabla hajafungua mdomo. Akauliza kama wale watu wangenipokea nikirudi kesho. Nikasema faili wamelifunga, na hata wangelifungua, mimi siombi. Akaenda kukaa mahali pake penye cherehani, akaweka mguu, akangoja nilete kitambaa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, nasubiri sifa. Jirani akaitazama blauzi yake yenye mkono mmoja, akanitazama mimi, akasema:

"Sawa, umekatala. Sasa mashini utaikanyanga na nini, na hiyo kasirani?"