Waridi Lililosuguliwa kwa Jivu

Mama yangu ana vikombe sita vya kaure vyenye maua, na kwa vikombe hivyo hana mchezo. Nyanya alikuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu kwenye shamba la mkonge kule chini, na yule mama alipofunga mizigo kurudi Ulaya akamwachia. Tangu hapo vinakaa kwenye kabati la vioo nyumbani kwetu Sagalla, na havishikwi na mtu ila mama.

Nilipopata simu ya intaneti sikutafuta habari za wanasiasa, nilitafuta maua yale. Nikasoma kwamba wachoraji wa kaure huko Ulaya walianza kwa kuiga maua ya China na Japani, mengine hata hawajawahi kuyaona shambani. Baadaye wakachora ya kwao: waridi, tulipu, na vijiua vya kutawanya huku na huku. Na vile vijiua, kumbe, mara nyingine vilikuwa vya kuficha doa! Kikombe kikitoka tanuuni na alama, mchoraji anaweka ua au mdudu hapo juu, basi, kinauzwa. Nilicheka peke yangu. Nikasoma pia kwamba maua mengi huchorwa kikombe kikiwa kimeshaiva na kung'aa, halafu kinachomwa tena kwa moto mdogo. Kwa hivyo ua limekaa juu juu tu. Ukilikwaruza, linatoka.

Sasa, ndugu yangu mdogo akaleta mchumba. Msichana wa Voi mjini, wazazi wake Wakamba wenye duka. Mama hakumtaka. "Watoto wa mjini hawajui shida ya maji," alikuwa akisema, na akishasema hivyo hakuna wa kumjibu. Alasiri ile wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kuamua kama wataenda kwa wazazi wa msichana. Nyumbani kwetu wazee hawaendi popote kama mama wa kijana amenyamaza. Asubuhi mama aliniambia, "Nitamwangalia leo. Nisipompenda, nitanyamaza." Ndugu yangu alisikia. Hakuweza hata kumaliza uji.

Mama alitoa vikombe, akaviacha kwenye meza ya jikoni, akaenda kwa jirani kuazima viti. Mimi nikatoka kuchuma mboga. Kurudi, namkuta msichana ameshafika, amechuchumaa mbele ya mafiga, mkononi ana kipande cha gunia na jivu, anasugua.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nasafisha, wifi. Vilikuwa na vumbi."

Nilimnyang'anya kikombe. Palipokuwa na waridi pamebaki kivuli cha rangi na jani moja.

"Umefuta ua! Umemaliza kikombe cha mama!"

"Kwetu vyombo tunasugua na jivu," alisema. "Na niliona maji ni kidogo. Sikutaka kumaliza maji ya mama."

Nilitaka kumzaba kofi, nasema ukweli. Papo hapo nikamwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira. Vile vitano vingine alikuwa hajavigusa, angalau. Bodaboda za wazee zilisikika zikipanda mlima. Ndugu yangu akachungulia mlangoni, akaona, akashika kichwa.

"Kificheni," alisema. "Mwambieni kimoja kimebaki kabatini."

"Mama huyu huyu? Atajua kabla hajavua viatu!"

"Msifiche," msichana akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

"Ukimwambia leo, wewe huolewi hapa. Unanisikia?"

Alinisikia. Akakichukua kikombe mkononi mwangu, polepole, na akasimama nacho katikati ya jikoni mpaka mama akaingia na kiti kichwani.

"Mama, nimeharibu. Nilisugua na jivu."

Mama aliteremsha kiti. Akapokea kikombe, akakizungusha, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na waridi. Hakusema kitu. Akakizungusha tena. Nje wazee walikuwa wanapiga hodi na hakuna aliyewaitikia. Nilikuwa naomba Mungu mama atukane, apige kelele, avunje hata kikombe chenyewe, lakini asinyamaze.

"Kwa nini jivu?" aliuliza mwishowe.

Sikumngoja msichana ajibu. Mimi niliyemfokea ndiye niliyejibu.

"Alikuwa anaokoa maji yako, mama."

Mama alienda pembeni kwenye mtungi wa plastiki alioubeba mwenyewe asubuhi kutoka bondeni. Akauinua kwa mkono mmoja. Ulimshinda, bado umejaa. Akauinamisha kidogo, akasikiliza, akaurudisha chini. Akamtazama yule msichana mikono yake, imejaa jivu mpaka kwenye viwiko.

"Nawa," alimwambia. "Tumia maji, usiogope."

Kisha akajifunga leso upya, akaenda sebuleni kuwafungulia wazee. Nilisimama nyuma ya mlango, nikasikiliza. Wazee hata hawajaketi, mama akaanza kuongea. Aliongea juu ya safari ya kwenda Voi, nani ataongoza, nani atabeba nini, akaongea mpaka mzee mmoja akamwomba apumue.

Ndugu yangu alichuchumaa pale mlangoni akalia kama mtoto. Nikamwambia aondoke njiani, wazee wanangoja chai.