Kisiki cha Bi Buluu

Kila asubuhi, akishamaliza kusuuza, Bi Buluu alilibeba beseni lake kwa mikono miwili, akaupita mfereji wa maji machafu bila kuutazama, akaenda kukimwagia kisiki. Mfereji ulikuwa hapo hapo mlangoni kwake, umejengwa kwa saruji, unapeleka maji barabarani bila shida yoyote. Kisiki kilikuwa mbali zaidi, pembeni kabisa, pale ukuta wa vyumba vyake ulipokutana na ukuta wa vyumba vya mdogo wake. Lakini Bi Buluu hakuona uvivu kwenda huko. Akifika alimwaga taratibu, akihakikisha maji yote yameingia, huku jicho moja liko kwenye dirisha la wifi yake. Akiona pazia limetikisika, roho yake ilisuuzika.

Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa dobi. Shuka za nyumba za wageni, makoti ya madaktari, mashati ya harusi, vyote alivisuuza katika maji yaliyotiwa buluu, ile ya unga inayofanya nguo nyeupe ing'ae. Kwa miaka mingi unga ule ulikuwa umemwingia kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, ukakataa kutoka kwa sabuni na hata kwa mchanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kukamua blanketi peke yake na ulimi unaokamua vilevile.

Nyumba waliachiwa na baba yao. Vyumba vya mbele alipewa mdogo wake wa kiume, viwili vya nyuma akapewa yeye. Bati lilikuwa moja, msingi mmoja, milango mbalimbali. Kimoja alilala, kingine alipigia pasi, na hivyo viwili ndivyo vyote alivyokuwa navyo duniani. Mume aliyekuwa naye zamani alimrudisha kwao na sanduku moja na kandambili miguuni. Siku ile Bi Buluu aliapa kwamba hatapiga tena hodi mlangoni pa mtu akiomba mahali pa kulala.

Yeye na mdogo wake walikuwa chanda na pete. Ndiye aliyemfulia sare za shule, ndiye aliyempeleka kwa fundi akajifunze kupaka rangi nyumba, mpaka na yeye akaitwa Fundi Rangi. Alikuwa mtu mpole, tena mpole kupita kiasi, wa kumkubalia yeyote aliyesema mwisho. Akaoa, na mke akawa ndiye anayesema mwisho.

Wifi huyo hakuupenda mwarobaini uliokuwa pembeni mwa nyumba. Bi Buluu alikuwa amefunga kamba zake zote za kuanikia kwenye mti ule, na nguo zilichuruzika mbele ya dirisha la wifi kutwa nzima. "Nimeolewa na mwanaume au nimeolewa na chupi za watu?" alimuuliza mumewe. Tena majani yaliziba mfereji wa bati. Maneno hayo Fundi Rangi aliyasikia asubuhi, mchana na jioni, na siku moja dada yake alipokwenda kupeleka nguo kwa wateja, akaleta mtu wa msumeno.

Bi Buluu aliporudi aliukuta mti umelala ua mzima. Kamba zimekatika. Shuka za nyumba ya wageni, alizozianika kabla ya kutoka, ziko chini ya matawi pamoja na tope na unga wa mbao.

"Nani kakuambia ukate?"

"Dada, mti ulikuwa unaziba mfereji wa bati. Na huyu mwenzangu..."

"Sikuulizi habari za mwenzako. Nani kakuambia?"

"Basi, ni mimi."

"Basi kuanzia leo huna dada. Una jirani."

Yule mtu wa msumeno, akikusanya vitu vyake, alisema kisiki kichimbwe upesi, kiko karibu mno na ukuta. Fundi Rangi alikitazama, akaufikiria mgongo wake unaouma, akasema kitaoza chenyewe. Mvua ya kwanza ilipopita kikatoa machipukizi, mabichi, yaliyosimama wima. Bi Buluu alipoyaona akaleta beseni.

Tuseme haki, mwanzoni aliutaka mti wake. Alitaka urudi, aufunge kamba, amwonyeshe mtu. Lakini Fundi Rangi alitumwa na mkewe kuyakata machipukizi kwa panga. Bi Buluu akamwaga. Yakachipua, yakakatwa. Akamwaga tena. Akasimika nguzo za chuma upande wa pili wa ua, nguo zikakauka vizuri kuliko zamani, na bado alimwaga. Wakati huo haja ya mti ilikwisha kitambo, kilichobaki ni ugomvi tu, na ugomvi huo aliutunza kuliko watu wanavyotunza mifugo.

Kuna siku Fundi Rangi alikuja na sururu begani. Alisimama mbali kidogo, kama anayemkaribia ng'ombe asiyemjua.

"Dada, naomba nikichimbe. Nimeongea na mwashi. Anasema mizizi imeingia chini ya msingi. Ikiwa hai inasukuma, ikifa inaacha shimo. Vyovyote vile tutaumia."

Bi Buluu akaligeuza beseni, akalifunika juu ya kisiki, akalikalia.

"Mti ulichukua. Hiki niachie."

"Nyumba ni yetu sote, dada."

"Nyumba yako iko kule mbele. Rudi kwako."

Kutoka dirishani wifi akasema, wala hakupaza sauti, "Mwache akae nacho. Wamefanana."

Neno hilo lilimwingia Bi Buluu mpaka kwenye mfupa. Kama Fundi Rangi angebembeleza kidogo tu, huenda angenyanyuka, maana kitako kilikuwa kinamuuma na sauti ya mdogo wake ilikuwa ile ile ya utotoni. Baada ya neno lile hakunyanyuka mpaka jua lilipomchoma utosi. Sururu ikarudi ilikotoka, na haikuja tena.

Ufa wa kwanza ulitokea mbele, pembeni mwa sebule ya Fundi Rangi. Mwanaume akaukwangua, akaujaza plasta, akapaka rangi ya maziwa, ukuta ukawa kama mpya. Mvua ikanyesha, ufa ukarudi. Akakwangua tena, akapaka tena. Bi Buluu alisikia mkwaruzo ule kupitia ukutani akiwa anapiga pasi, akacheka peke yake. Kwa nje ufa ulionekana vizuri zaidi, ukipanda kutoka chini kwa kufuata viungo vya matofali, kama ngazi. Akaupima kwa ukucha. Baadaye akaupima kwa kidole kizima. Alijua kabisa kinachoendelea, mdogo wake alishamweleza kwa kinywa chake. Akaongeza maji.

Hata wifi alifika mahali akashusha kiburi. Walikutana getini, yeye na ndoo, Bi Buluu na furushi la nguo.

"Wifi, ukuta wetu unapasuka."

"Mwambie mumeo aupake rangi. Si ndiyo kazi yake?"

Wifi akamtazama juu mpaka chini. "Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Ulidhani ilikatwa pamoja na mti?"

Kwake mwenyewe mambo yalianza kidogo kidogo, na kidogo kidogo akayatafutia sababu. Mlango ukaanza kukwaruza sakafu, akasema ni unyevu umevimbisha mbao, akausugua kwa msasa. Meza ya pasi ikaanza kuyumba, akaweka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja, kisha kipande kingine juu ya kile. Siku moja aliiweka pasi ya mkaa mezani ageuze kola, ikateleza yenyewe polepole mpaka ukingoni, akaiwahi ikiwa inaning'inia. Akailaumu meza. Ukuta wa nyuma hakuutazama, maana ulikuwa umejaa makoti ya watu yaliyotundikwa kutoka juu mpaka chini.

Halafu ikaja asubuhi ambayo mlango ulikataa kabisa. Alikuwa ndani, mkaa umeshika, makoti ya madaktari yamekunjwa tayari kupelekwa. Akavuta. Akasukuma kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akaupiga teke. Dirisha lina nondo. Akasimama pale na jasho lake, akayatazama makoti, akautazama ukuta ambao nyuma yake kuna watu wawili anaowachukia. Mkaa ulififia kwenye pasi, naye hajaita. Hatimaye akagonga ukuta kwa ngumi.

"Mdogo wangu."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Mdogo wangu, mlango umenikatalia."

Alikuja mbio, mkewe nyuma yake. Fremu yenyewe ilikuwa imepinda, akalazimika kuuvunja mlango kwa shoka, lile lile alilochanjia matawi ya mwarobaini. Mwanga ulipoingia akaona asichokuwa akikiona dada yake. Sakafu ilikuwa imebonyea katikati. Akasogeza makoti kwa mkono, na nyuma yake kukaonekana ufa kutoka kwenye bati mpaka chini, mpana, unaoonyesha mchana wa nje.

"Tokeni humu," alisema. "Tokeni nyote, nimwite mwashi."

Mwashi alikuja na mtaimbo, mtu mnene anayetafuna kijiti. Akagonga sakafu za mbele, zikatoa mlio mzito. Akagonga chumba cha kulala cha Bi Buluu, mlio ukawa mwepesi kidogo. Akafika palipokuwa na meza ya pasi, akagonga mara moja, ikalia kama debe tupu. Akaacha kutafuna. Akatoboa saruji pale pale, akapiga magoti, akauingiza mkono mpaka begani.

"Hakuna udongo huku," akasema. "Mnakaa juu ya hewa."

Alivuta kitu, kikatoka vipande vipande, laini kama mkate uliolowa. "Mzizi. Ule mkubwa kuliko yote ulipita huku, siyo kule mbele. Kule imekwenda midogo. Huu umekufa, umeoza ndani, ganda limebaki kama bomba. Mtu akimwaga maji pale kisikini, yanatokea hapa, yanaondoka na udongo. Tena siyo maji ya mvua pekee. Maji ya mvua hayafanyi hivi."

Akauingiza mkono tena, akatoa konzi ya udongo, akaipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa na michirizi ya buluu. Akamulika shimo kwa simu, wote wakainama. Kuta za shimo lile zilikuwa za buluu tupu, tabaka juu ya tabaka, buluu safi, kama maji ya kusuuzia shuka.

"Fundi Rangi, wewe ndiye mwenye kazi hizi. Ulimwaga rangi huku?"

Fundi Rangi akachukua ule udongo, akausugua kwa vidole, akaunusa. "Hii siyo rangi ya nyumba," akasema. Hakumtazama dada yake.

Wifi ndiye aliyetazama. Aliitazama mikono. Bi Buluu alikuwa ameificha ndani ya aproni bila kujijua, akaona aibu, aibu ya mtu aliyefumaniwa, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Miaka yote ile alidhani anawamwagia wao.

Mwashi alikung'uta magoti. Vya mbele vitaokolewa, alisema, akichimba pembeni kipande kwa kipande na kumimina zege, ila kwanza kisiki kitoke. "Hivi vya nyuma vunjeni, kabla havijawavunjikia."

"Na mimi nitalala wapi?" aliuliza Bi Buluu.

Fundi Rangi alifungua mdomo, akamtazama mkewe, akaufunga. Bi Buluu akajua anatakiwa kuomba, na kwamba mlango wenyewe ni ule ule alioapa kutoubisha. Akaanza kukunja upya makoti yaliyokwisha kunjwa.

"Kuna chumba cha mbele," wifi akasema mwishowe. "Sikupi kwa ajili yako. Sitaki kusikia nimemlaza dobi barabarani."

Kisiki kiling'olewa siku iliyofuata. Mwashi alikichokoa kwa mtaimbo, akainama, akakinyanyua kwa mkono mmoja. Ndani hakikuwa na kitu, mchwa walishamaliza zamani. Wakakitupa kando ya geti.

Asubuhi baada ya kuhamia, Bi Buluu alifulia uani kama kawaida, mgongo akiwa ameupa vyumba vyake, ambavyo tayari vilikuwa vimeezuliwa bati na kuangushwa ukuta wa mlangoni. Alisuuza shuka za mwisho, akazikamua, akazianika. Akalinyanyua beseni kwa mikono miwili, na miguu yenyewe ikashika njia ya kule pembeni. Alishitukia amesimama ukingoni mwa shimo, maji ya buluu yakicheza mbele ya kifua chake. Akageuka autafute mfereji. Ulikuwa umezikwa chini ya kifusi cha ukuta wake.

Dirishani pazia halikutikisika. Lilikuwa wazi, na wifi amesimama.

"Mwaga tu, wifi," alisema. "Kisiki hakipo. Sisi bado tupo."

Bi Buluu aliondoka ukingoni mwa shimo. Akalishika beseni vizuri, akaanza kutembea kuelekea barabarani, na njia nzima yale maji yakawa yanamrukia miguuni.