Mwalimu wa Matabaka

Mwalimu Reverien alikuwa na jibu moja kwa kila ugomvi wa dunia: matabaka. Ndoa ikivunjika, matabaka. Mbuzi wa jirani akila mahindi, matabaka. Alifundisha siasa shule ya msingi hapa Munanila mpakani, na mwenyewe alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, kwa hiyo hatukumbishia sana. Mimi Swaumu, mwenye kiduka tu, nilimwita Mheshimiwa Tabaka, naye akicheka.

Oktoba tisini na tatu, wanajeshi wa Kitutsi walipomwua rais Mhutu wa kule Burundi, watu wakamiminika tena kutoka ng'ambo, wengi wao Wahutu, wamefiwa na wana hasira. Tuliwapikia uji uwanjani mwa shule. Mwalimu, akinisaidia kugawa, akamwona mchunga ng'ombe aitwaye Ndihokubwayo akimpelekea kikombe mzee mrefu aliyejifunika blanketi. Alikitoa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa. Huku na ng'ambo, hivyo ndivyo mtu anavyomhudumia bwana aliyempa ng'ombe wa kufuga ili amtumikie maisha yake yote.

Mwalimu alifurahi kupata somo lililo hai. Akasema kwa sauti ya darasani, "Mnaona? Bwana mwenye ng'ombe na mtwana wake. Hata ukimbizini anamtumikia."

Kwa watu wale, bwana mwenye ng'ombe maana yake Mtutsi. Vijana watatu wakaweka vikombe chini, wakasimama, mmoja ana panga. Hapo ndipo mwalimu alipoelewa alichokifanya.

"Umekosea, mwalimu," Ndihokubwayo akasema taratibu. "Ng'ombe ni wangu. Mimi ndiye niliyempa huyu. Anaumwa, ndiyo maana namnywesha."

Mzee yule, nadhani tangu azaliwe hakuwahi kumpigia mtu magoti. Alishuka chini polepole, akapiga makofi mara tatu mbele ya mchunga wake, akasema, "Databuja." Yaani, bwana wangu. Vijana wakatazamana, kisha wakarudi kwenye uji wao.

Nikashika upawa, nikaendelea kugawa. Sijaona ukubwa kama ule, na mpaka leo sijui ulikuwa wa nani kati ya wawili wale.

Jioni mwalimu aliwaficha nyumbani kwake, akawaomba radhi. Lakini ubishi haukuwa umemtoka. Akamwuliza Ndihokubwayo, "Miaka thelathini amekunyonya. Kwa nini umemwokoa?"

"Amenyonya, kweli," Ndihokubwayo akajibu. "Na waliotaka kumwua ni maskini wenzangu. Tukirudi kwetu nitagombana naye juu ya jasho langu, mwalimu. Ila nataka nigombane naye akiwa hai."