Injini Ndogo Iliyomfunga Baba

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sioni sababu ya kuificha tabia hiyo hapa, maana habari hii ndiyo inayonipa haki ya kujisifu. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikisoma kompyuta katika chuo kimoja Nizwa, na kila Jumatano alasiri, wikiendi yetu ikianza, nilipanda gari kurudi kwetu Ibra. Baba naye siku hiyohiyo alirudi kutoka Sur, alikokuwa fundi wa umeme kwenye mtambo wa gesi. Mama alitupikia sote wawili na kutusikiliza tukibishana mpaka Ijumaa jioni.

Mwaka huo tulibishana juu ya karatasi moja. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda Malaysia kusomea utengenezaji wa michezo ya kompyuta, na fomu ilitaka sahihi ya baba. Baba hakuwa na neno na masomo. Yeye mwenyewe alivuka bahari kutoka Unguja akiwa kijana, hana kitu mkononi ila cheti chake cha ufundi. Alichokikataa ni hiyo michezo. Alisema hakumlea binti ili avuke bahari akacheze. Fomu ikakaa juu ya friji wiki tatu, imekandamizwa na kopo la majani ya chai, na mimi kila nikipita naitazama.

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamkumbusha kwamba yeye kila akitoka kazini anacheza bao na wenzake kule Sur. Mama akacheka. Baba hakucheka. Alisema bao ni akili, na kompyuta haina akili ya bao. Nikamjibu kwamba itakuwa nayo. Akaweka kijiko chini, akatoa sharti mbele ya mama.

“Ilete hapa icheze na mimi, bao la kweli, mwanzo mpaka mwisho. Nitaipa mara tatu. Ikinifunga hata mara moja, natia sahihi. Ikishindwa, wallahi fomu naichana, na habari hiyo khalas.”

Mchezo wa kompyuta hauanzi kutoka hewani. Unaujenga ndani ya programu tunayoiita injini, ambayo tayari inajua kuchora, kutoa sauti na kutii kipanya. Chuoni tulikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya vipimo vitatu, yenye mwanga na vivuli, na vitu ndani yake vilianguka na kubingirika kama vya kweli. Nyingine ilikuwa ndogo, picha zake bapa, na wenzangu walisema inafaa kwa michezo ya watoto wa chekechea. Nilichagua ile kubwa bila kufikiri mara mbili. Nilitaka baba aone mpaka akose la kusema.

Wiki mbili nilikaa nikichora ubao wenye mishipa ya mbao na kete sitini na nne, kila moja na kivuli chake. Wanafunzi wenzangu walikuja kusimama nyuma ya kiti changu kutazama. Nikaunakili mchezo kwenye sidii, nikaenda Ibra kifua mbele.

Kompyuta ya nyumbani ilikuwa kuukuu. Mchezo ulichukua muda kufunguka hata baba akamaliza kahawa yake. Ubao ulipotokea, mama aliusifu, na baba akacheza. Kete zikaanza kuanguka: moja ikabingirika, ikatulia, ndipo ikafuata ya pili. Anayejua bao anajua kwamba mchezaji hodari hakai akahesabu. Huzoa kete kwa kiganja kimoja, akazimwaga shimo kwa shimo upesi, macho yake tayari yako kwenye shimo la mwisho na mdomo wake unamchokoza mwenzake. Baba alingoja mpaka kete ya mwisho ikatulia. Ilipofika zamu ya kompyuta, skrini iliganda.

“Hili si bao,” alisema baba. “Hii sinema, tena imekatika.”

Aliinuka kwenda kuichukua fomu. Mama ndiye aliyeniokoa. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema mwanzo mpaka mwisho, na mchezo huu haukufika mwisho, kwa hiyo hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa, na mara zote tatu bado zipo. Baba ni mtu wa kuheshimu sheria za bao kuliko sheria za barabarani. Akarudi kuketi, akanipa wiki mbili nyingine.

Nililia njiani kurudi chuoni, sioni haya kusema. Tulipofika Sinaw hasira zilikuwa zimeniisha kwa baba, zimenigeukia mimi mwenyewe. Nilikuwa nimechagua injini kwa sababu ya watazamaji, wala sikujiuliza mchezo wenyewe unataka nini. Mwenzangu mmoja chuoni alikuwa akijenga nyumba ya zamani ya udongo ya kule Al Hamra, ili mtu aitembelee chumba kwa chumba kwenye skrini. Kazi ile ilitaka mwanga unaopenya dirishani na dari ya magogo ya mtende, na bila injini kubwa isingefaa kitu. Bao halina haja ya kivuli. Shimo la bao ni namba tu, na kinachotakiwa ni kasi, hesabu na maneno ya kuchokozana.

Nikaanza upya kwenye injini ya chekechea. Walionicheka niliwaacha wacheke. Katika siku nne kete zilikuwa zinakimbia kama mkono wa baba. Nguvu yote ambayo kompyuta kuukuu ilikuwa ikiipoteza kwenye vivuli niliipa kazi ya kufikiri. Na mimi nilikuwa na siri. Miaka yote ile niliyowapelekea kahawa baba na wageni wake wakicheza bao kwetu, nilikuwa nikitazama. Baba alikuwa na shimo lake kubwa, lile linaloitwa nyumba, ambalo hulirundikia kete na kuona uchungu kulicheza, hata wakati wake ukifika. Nikaifundisha kompyuta kulingojea shimo hilo kwa subira.

Wiki ya kati baba alikuwa zamuni Sur. Nilitoa bao lake kabatini, nikarekodi mlio wa kete zake mwenyewe zikidondoka. Kisha nikamsogezea mama kipaza sauti huku anakatakata bamia, nikamwomba amchokoze mumewe. Hakunisumbua hata kidogo. Maneno aliyonayo ni mengi kuliko nafasi iliyokuwemo mchezoni.

Ijumaa ya pili, baada ya sala na chakula cha mchana, baba aliketi mbele ya skrini. Alipousikia ule mlio wa kete zake aliutambua, akanigeukia. Mara ya kwanza alishinda upesi. Mara ya pili alianza kuitania kompyuta kama anavyowatania wenzake, akaiambia imekwisha, ikalale. Nyumba yake ilikuwa imejaa. Zamu moja ikapita hakuicheza nyumba hiyo, na ya pili vilevile. Kompyuta ikaila yote kwa mkupuo, kete zikalia mfululizo ubao mzima, kisha ikatoka sauti ya mama:

“Vipi bwana, nikuletee maji?”

Baba aliruka kitini. Mama, jikoni, alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo baba hakutania tena. Alipigana, lazima niseme, alipigana vizuri sana, lakini safu yake ya mbele ilipungua shimo baada ya shimo mpaka ikabaki tupu, na kwenye bao huko ndiko kufungwa. Nilifurahi vibaya sana. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajiuma mdomo kwa heshima.

Baba alirudia kwa kidole juu ya skrini mchezo wote wa mwisho, akitafuta mahali alipodhulumiwa, asipaone. Mama akaja na gilasi ya maji ya kweli. Akayanywa yote, akaomba fomu na kalamu, akatia sahihi kwa mwandiko wake ule wa kufinyangafinyanga.

“Wewe nenda,” alisema, na mkono wake tayari unarudi kwenye kipanya. “Lakini huyu mwenzangu muache hapa.”